Karakana ya Wasomaji: Maswali ya Wanaoanza Kuchomelea kwa TIG

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa watu ambao kuchomelea si kazi yao ya kila siku. Wana ajira nyingine, wana meza ya chuma na jiliwa, na wana saa chache za jioni ambazo wameamua kuzitumia kujifunza TIG, yaani kuchomelea kwa sindano ya tungsteni chini ya kinga ya gesi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, tumezifupisha, na tumeondoa majina ya walioziandika.

SWALI: Mimi ni mhasibu, na sijawahi kuchomelea kitu chochote maishani. Jirani yangu, fundi wa siku nyingi anayetumia vijiti, ananishauri nianze na vijiti kwa kuwa TIG, kwa maneno yake, ni ya waliokwisha kubobea. Mimi nimeipenda kwa mishono yake safi, na ningependa kuanza nayo moja kwa moja. Je, nimsikilize? Na nikinunua mashine, nitazame nini?

JIBU: Jirani yako hakudanganyi, ila anasema ukweli wa mtu anayelipwa kwa kazi anayoimaliza leo. Kijiti kimevikwa gamba ambalo likiungua hutoa moshi wa kukinga chuma kilichoyeyuka na kuacha slagi, yaani gamba la uchafu ulioganda, juu ya mshono; ndiyo maana kinavumilia kutu kidogo, rangi kidogo na upepo kidogo. TIG haina uvumilivu huo. Ndani ya tochi yake mna sindano ya tungsteni, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za sentigredi, zaidi ya mara mbili ya joto linaloyeyusha chuma cha kawaida, na kwa hiyo sindano hiyo hubeba tao la umeme, yaani mwale unaoruka kati yake na chuma, bila yenyewe kuliwa kama kijiti kinavyoliwa. Kinachokinga chuma ni gesi ya argoni inayotiririka kutoka kwenye kikombe cha kauri kilichoizunguka sindano, na chuma cha kujazia, pale kinapohitajika, unakileta mwenyewe kwa mkono wa pili.

Moto, kinga na chuma cha kujazia vimetenganishwa, na kila kimoja unakitawala peke yake. Hapo ndipo ugumu wa TIG ulipo, na kwa maoni yangu hapo hapo ndipo wepesi wa kujifunza ulipo, kwa sababu unaweza kuweka kimoja kando ukajifunza kingine. Kijiti hakikupi nafasi hiyo: kikishawaka ni lazima ukilishe, ukisogeze na ukitunzie umbali kwa wakati mmoja, huku slagi ikikuzibia usione kinachoendelea chini yake. Mtu asiye na haraka, asiyesubiriwa na mteja, anaweza kabisa kuanza na TIG. Anayetaka kuunganisha lango la uani kufikia mwisho wa juma na amsikilize jirani.

Njia hii haikubuniwa kwa ajili ya urembo wa mishono. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Russell Meredith wa kampuni ya ndege ya Northrop huko Marekani alikuwa anatafuta namna ya kuunganisha magnesi, metali ambayo ikipata moto mbele ya hewa huwaka, naye akaifunika kwa gesi ya heli wakati wa kuichomelea. Leo argoni imechukua nafasi ya heli katika kazi nyingi. Jina la argoni limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu, na Kiswahili nacho huziita gesi za jamii hiyo gesi ajizi. Wahenga walituonya kuwa ajizi ni nyumba ya njaa, lakini katika karakana hii ajizi ndiyo bidhaa tunayoinunua kwa mtungi.

Kuhusu mashine, tazama mambo manne. Kwanza, iwe inaanzisha tao bila sindano kugusa chuma, kwa umeme wa masafa ya juu. Zile za kugusa na kuinua zinafaa pia, ila zile za kukwaruza kama kiberiti zitakuchosha. Pili, iwe na mpangilio wa kuendeleza gesi baada ya moto kuzimwa. Tatu, ikubali pedali ya mguu ya kuongeza na kupunguza moto. Nne, soma kibao chake vizuri: mashine iliyoandikwa asilimia 60 kwenye ampea 160 inamaanisha kuwa kwa moto huo itafanya kazi dakika 6 katika kila dakika 10, na zilizobaki inapoa. Ampea 160 hadi 200 zinamtosha anayejifunza kwa kujifurahisha. Mkondo mnyoofu (DC), yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, unatosha kwa chuma na stenlesi. Ukiwa na nia ya alumini, soma barua ya mbele kabla hujatoa pesa.

SWALI: Nimefunga mashine, nimefunga mtungi, nimesoma kijitabu cha maelekezo mara mbili, na sasa nimesimama mbele ya meza na sijui pa kuanzia. Nianze na kuunganisha vipande viwili?

JIBU: Usianze na vipande viwili, na kwa siku za mwanzo usishike hata fimbo ya kujazia. Chukua bamba moja la chuma cha kawaida lenye unene wa milimita 3, liondoe ngozi ile nyeusi ya kiwandani kwa grainda hadi ling'ae, kisha ulifute kwa asetoni. Tochi iunganishwe kwenye tundu la hasi, na athi, yaani waya unaobanwa kwenye bamba, kwenye tundu la chanya. Mpangilio huo hupeleka takriban theluthi mbili ya joto kwenye bamba badala ya kwenye sindano. Kanuni ya mkono wa kwanza kwa chuma ni karibu ampea 40 kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo weka kama 110 na usogeze juu au chini utakavyoona. Fungua gesi lita 8 kwa dakika. Sindano ya milimita 2.4, iliyochongwa kama penseli, itokeze nje ya kikombe kwa milimita 4 au 5 hivi.

Kabla ya kuwasha chochote, kaa. Weka mkono wa tochi juu ya kitu, kiwe tofali au kipande cha bomba, mradi kiganja kiegemee na kisogee bila kukwama. Pitisha tochi juu ya mstari wote unaotaka kuuchomelea, moto ukiwa umezimwa, mara tatu au nne, na kama katikati ya safari kiwiko kinagonga kitu au waya wa tochi unakuvuta, rekebisha sasa. Nimeona watu wazima wakiruka hatua hii kwa kuona aibu ya kuchomelea hewa, na wote mshono wao huvunjika palepale mkono ulipokwama.

Sasa washa. Tochi imelala nyuzi 15 hivi kutoka wima, ikielekeza mbele kule unakokwenda, na umbali kati ya ncha ya sindano na bamba ni sawa na unene wa sindano yenyewe, usizidi sana hapo. Kwa kitambo kifupi huoni kitu isipokuwa doa linalong'aa. Kisha uso wa chuma unalowa kama unaotoka jasho, na mara pale kwenye doa pana kidimbwi cha mviringo, kinachometa kama kioo, chenye ukingo unaoonekana wazi. Hicho ndicho unachokitazama kuanzia leo. Usitazame mwale wa umeme. Mwale hauna habari yoyote ya kukupa. Tazama ukingo wa mbele wa dimbwi. Kikifika upana wa milimita 6 hivi, anza kusogea, na kazi yako yote ni kuhakikisha upana huo haubadiliki hadi mwisho wa bamba. Kikipanuka, ama unachelewa au moto ni mwingi. Kikipungua au kikipoteza mng'aro, umekimbia au umeinua tochi.

Utagundua jambo ambalo hakuna aliyekuambia: bamba lenyewe linazidi kupata moto kadiri unavyosonga, na kasi iliyokufaa mwanzoni haitoshi sentimita 10 mbele. Hapo ndipo pedali inapofaa, kwani unaachia mguu kidogo kidogo. Asiye na pedali aongeze mwendo, au asimame bamba lipoe. Piga mistari ya namna hiyo, isiyo na chuma cha kujazia, hadi ujaze mabamba kadhaa pande zote mbili. Ukigeuza bamba utaona nyuma yake kivuli cha joto kilichofuata mstari. Kikiwa na upana ule ule mwanzo hadi mwisho, mkono umeanza kutii.

Ndipo ulete fimbo, ya milimita 1.6 au 2.4, ya aina ya ER70S-2 au ER70S-6. Ishike kwa mkono wa pili ikiwa imelala karibu sawa na bamba, ichovye kwenye ukingo wa mbele wa dimbwi, iondoe, sogea kiasi cha nusu ya dimbwi, chovya tena. Chuma kiyeyushwe na dimbwi, kisiyeyushwe na tao; fimbo ikipelekwa kwenye tao itajiviringa tone kubwa ambalo litaruka kwenye sindano. Ukiiondoa, usiiondoe mbali: ncha yake iliyo nyekundu ibaki ndani ya pazia la argoni, la sivyo itashika oksijeni na utaichovya uchafu huo ndani ya mshono. Vidole kuisukuma fimbo mbele bila kuiachia ni ufundi wa pekee, na haudai moto hata kidogo. Jifunze ukiwa umekaa unasikiliza redio, glavu mkononi, fimbo ikipita katikati ya vidole kama uzi wa mfumaji.

Mpangilio wa viungo ninaoupendekeza ni kona ya nje kwanza, kwa sababu kingo mbili zikikutana hapo huyeyuka zenyewe bila shida, kisha bamba lililopandishwa juu ya jingine, kisha kona ya umbo la T, na mwisho kingo mbili zilizowekwa uso kwa uso. Katika vyote, shikiza kwanza kwa nukta ndogo kila baada ya sentimita 3 au 4. Chuma kikipata moto hujivuta, na pengo ulilolipima vizuri litafunguka mbele ya macho yako.

SWALI: Mshono wangu unatoka mweusi, wenye vitundu kama mkate, na sindano inabadilika rangi kuwa ya zambarau. Nimeongeza gesi hadi lita 20 na hali imezidi kuwa mbaya. Ni mkono wangu, au mashine ina kasoro?

JIBU: Karibu kila mara si mkono wala si mashine. Ni hewa imeingia, au chuma ni kichafu. Tuanze na hewa. Kuongeza gesi hadi lita 20 kwenye kikombe cha kawaida hakukusaidii, kwa sababu mtiririko mkali huvurugika, na gesi iliyovurugika huchota hewa ya pembeni na kuiingiza palepale ulipotaka isifike. Rudi kwenye lita 7 hadi 10. Kisha uliza: je, feni inapuliza? Mlango uko wazi? Argoni ni nzito kuliko hewa kwa zaidi ya theluthi moja, lakini upepo mdogo tu wa mlangoni unatosha kuifagia. Je, sindano imetokeza mno? Je, tochi imelala mno, ikawa inapuliza kama filimbi badala ya kufunika?

Sindano ya zambarau au ya bluu inanipa fununu nyingine. Inaonyesha kuwa ilikuwa bado ya moto gesi ilipokata. Weka muda wa gesi baada ya moto uwe karibu sekunde moja kwa kila ampea 10, na, hili wengi hulisahau, usinyanyue tochi ukimaliza. Ibakie palepale juu ya mwisho wa mshono hadi sauti ya gesi iishe. Inapoza sindano na inakinga dimbwi linalokauka kwa pamoja. Moto wenyewe nao uushushe taratibu mwishoni, ukichovya fimbo mara moja ya ziada, maana dimbwi likizimwa ghafla huacha shimo lenye ufa katikati.

Kama yote hayo ni sawa, tafuta mvujo. Miaka kadhaa iliyopita nilipata mtungi mdogo uliojaa, wa lita 10, ambao ukiwa na shinikizo la baa 200 hutoa takriban lita 2,000 za gesi, yaani saa 4 za moto kwa lita 8 kwa dakika. Jioni ya tatu ulikuwa mtupu, nami sikuwa nimechomelea hata saa moja. Nilimlaumu muuzaji moyoni. Baadaye nilichukua sabuni ya maji na brashi ya rangi, nikapaka kila kiungo kuanzia kwenye rigyuleta, kile kidhibiti cha shinikizo kilicho juu ya mtungi, hadi nyuma ya tochi, na pale mpira unapoingia kwenye mashine mapovu yalikuwa yanafumuka polepole, dogo baada ya dogo. Klempu nilikuwa nimeikaza kwa vidole. Ubaya wa mvujo wa namna hiyo ni kwamba gesi inapotoka, hewa nayo inaweza kunyonywa ndani, kwa hiyo nilikuwa ninapoteza pesa na kuharibu mishono kwa tundu moja.

Uchafu una maelezo mafupi. Ngozi nyeusi ya kiwandani, kutu, mafuta, rangi, jasho la vidole: vyote viondoke, upande wa juu na wa chini, sentimita 2 au zaidi kila upande wa mshono, na fimbo ya kujazia nayo ifutwe, kwani fimbo mpya mara nyingi hutoka dukani ikiwa na vumbi na mafuta. Kama brashi ya waya imewahi kutumika kwenye chuma cha kawaida, usiipeleke kwenye stenlesi wala alumini.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa umri wa miaka 68. Mikono yangu hutetemeka kidogo, si sana, lakini kalamu inaonyesha. Vijana wangu wananiambia TIG haitanifaa kwa kuwa inadai mkono uliotulia. Je, niache?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Usiache kwa sababu hiyo. Mkono wa mchomeleaji hauning'inii hewani. Umeegemezwa, na mkono ulioegemezwa kidole kidogo juu ya chuma au juu ya tofali hutetemeka kidogo mno kuliko ulioshikilia kalamu juu ya karatasi. Kaa kitini badala ya kusimama, viwiko viwe mezani, waya wa tochi uzungushe begani au mapajani ili uzito wake usikuvute. Ipo pia mbinu ya kukiegemeza kikombe chenyewe juu ya kiungo na kukitembeza kwa kukiyumbisha kulia na kushoto, nayo hutumika sana kwenye mabomba mazito. Kwa mbinu hiyo, umbali wa sindano unatunzwa na kikombe na si na kiganja.

Pengine kitakachokupa taabu zaidi ni macho. Miwani ya kusomea ivaliwe ndani ya kofia ya kuchomelea, au uweke lenzi ya kukuza ndani yake, kwa sababu asiyeona ukingo wa dimbwi hawezi kulifuata hata kama mkono wake ni wa daktari wa upasuaji. Na kama moyo wako umewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo, zungumza na daktari wako kabla ya kukaribia mashine yoyote ya kuchomelea. Hilo halina mjadala.

SWALI: Sindano za tungsteni zina rangi nyekundu, bluu, dhahabu, kijivu na kijani. Ninunue ipi?

JIBU: Ya bluu au ya dhahabu, zilizochanganywa na lanthani, na ufunge mjadala. Zinafaa kwa mkondo mnyoofu na kwa mkondo geu (AC), ule unaobadili upande kila mara. Nyekundu ina thori, ambayo ina mnururisho hafifu, na hatari yake kubwa iko kwenye vumbi la kuichonga. Ilikuwa ikisifiwa zamani, lakini anayeanza leo haihitaji. Yoyote utakayonunua, ichonge kwa urefu wake ili michirizi ya jiwe ielekee kwenye ncha, kwa jiwe ambalo halichongi kitu kingine. Urefu wa sehemu iliyochongwa uwe mara mbili hadi mbili na nusu ya unene. Nunua kumi kwa pamoja, kwa maana utazigusisha kwenye dimbwi siku nzima, na kila ikigusa lazima ichongwe upya. Kuendelea na sindano iliyochafuka ni kujidanganya.

SWALI: TIG haitoi cheche wala moshi mwingi kama vijiti. Je, bado kuna haja ya mavazi yote yale? Mimi hufanya kazi katika chumba kidogo kisicho na dirisha.

JIBU: Ukosefu wa moshi ndio unaowaponza watu. Mwanga wa urujuanimno wa tao la TIG haupunguzwi na moshi, na unakupiga pia kwa kurudi kutoka kwenye ukuta mweupe na chuma kinachong'aa. Shingo iliyoachwa wazi huungua kama iliyopigwa na jua kali, na macho yakipigwa hayakuambii papo hapo: saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, unahisi kama yamemwagiwa mchanga. Vaa nguo nzito ya pamba yenye mikono mirefu, iliyofungwa hadi shingoni, na si ya nailoni, ambayo huyeyukia mwilini. Glavu ziwe za ngozi nyembamba ili vidole vihisi fimbo. Kioo cha kofia kiwe cha namba 9 hadi 11 kulingana na moto. Kama ni cha kujifunika chenyewe, hakikisha kinashika mwanga wa TIG ya ampea chache, kwani vingine hufumba na kufumbua pale unapokihitaji zaidi.

Kuhusu chumba chako, ndugu yangu, toka humo. Argoni haina sumu, haina harufu na haina rangi, lakini huisukuma hewa na kukaa chini, na mtu anayekosa oksijeni kwa namna hiyo hapati onyo la kukohoa, hulegea tu. Unahitaji hewa inayobadilika ndani ya chumba bila kupuliza moja kwa moja kwenye tochi. Mtungi usimame wima na ufungwe kwa mnyororo. Ukianguka na vali ikakatika, hakuna mlango utakaouzuia.

Kuna onyo moja ninalotaka lisomwe mara mbili. Usisafishe chuma kwa dawa ya kusafishia breki kabla ya kukichomelea. Nyingine kati ya dawa hizo zina klorini, nayo klorini hiyo ikikutana na joto na mwanga wa tao hubadilika kuwa gesi za sumu, fosijeni ikiwamo, ambazo tone moja lililojificha kwenye ufa linatosha kuzitoa kwa kiasi cha kukudhuru. Asetoni inatosha, na iache ikauke yote, chupa ikiwa mbali. Chuma kilichopakwa zinki nacho kiondolewe zinki hiyo kwanza. Moshi wake huleta homa ya usiku kucha.

SWALI: Kwenye stenlesi nyembamba mshono wangu ni wa kijivu badala ya rangi za dhahabu ninazoziona kwenye picha, na nyuma yake umetoka vinundu vyeusi kama sukari guru iliyoungua. Kosa ni lipi?

JIBU: Joto nyingi, kwa muda mrefu. Stenlesi haisafirishi joto vizuri. Hulishikilia pale pale ulipolitia, kwa hiyo inahitaji moto mdogo kuliko chuma cha kawaida cha unene uleule, na mwendo wa haraka zaidi. Rangi ya dhahabu iliyopauka ni njema, bluu inavumilika, kijivu kinaonyesha kuwa kinga ya kutu imeharibika. Kikombe kipana chenye kichujio cha kutuliza gesi kitakusaidia sana. Ile sukari ya nyuma ni chuma kilichoyeyuka mahali ambapo hapakuwa na argoni: upande wa chini nao unahitaji gesi, na kwenye bomba unaziba ncha zote mbili, unapitisha gesi polepole ndani na kuacha tundu dogo la kutokea. Moshi wa stenlesi una kromi ya aina inayosababisha saratani, kwa hiyo barakoa ya kuchuja moshi ivaliwe chini ya kofia.

SWALI: Mashine yangu ni ya mkondo mnyoofu tu. Je, naweza kujaribu alumini?

JIBU: Hapana, si kwa anayejifunza. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, lakini ngozi ya oksaidi iliyoifunika haiyeyuki hadi zaidi ya nyuzi 2,000. Mkondo geu ndio unaoivunja ngozi hiyo katika nusu moja ya mzunguko na kuyeyusha metali katika nusu ya pili. Kwa mashine yako utaona mfuko wa kijivu unaotikisika, ndani kumeyeyuka, nje kumegoma, kisha wote unadondoka sakafuni. Jifunze dimbwi kwenye chuma kwanza. Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, na asiyelijua dimbwi hatapata dalili nyingine.

SWALI: Baada ya miezi mitano mishono yangu inapendeza, na rafiki yangu ananiomba nimuunganishie fremu ya pikipiki iliyopasuka. Nimkubalie?

JIBU: Mkatalie kwa upole, kisha nenda ukavunje mishono yako. Chukua vipande viwili vya bamba la milimita 3, uviunganishe kwa umbo la T upande mmoja tu, vipoe vyenyewe bila maji, ubane kimoja kwenye jiliwa na ukigonge kingine kwa nyundo kuelekea upande wenye mshono, ili mzizi wake ufunguke, hadi kilale au kivunjike. Kikilala kimekunjika na mshono bado umeshika pande zote mbili, umefanya kazi. Kikivunjika, chunguza mahali kilipovunjikia. Mara nyingi utakuta mshono umeng'oka mzima mzima kama mkanda, ukiwa umeshika bamba moja na kuliacha jingine likiwa na kona yake ya awali, kali, isiyoyeyuka, na bado ina alama za grainda uliyoisafishia. Mshono huo ulipendeza kwa juu, lakini kona ya ndani haikuwahi kuwa dimbwi: fimbo ilichovywa mapema mno, kabla bamba zote mbili hazijalowa. Ongeza moto kidogo, subiri hadi ncha ya dimbwi iingie kabisa kwenye pembe, ndipo uchovye. Rudia hadi uvunje T kumi mfululizo bila kuiona kona hiyo tena. Fremu ya rafiki yako ipelekwe kwa fundi anayejua ni chuma cha aina gani na kwa nini ilipasuka pale.